Jina la Nyumbani Lina Bei Gani?

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa Chama chetu, Dar es Salaam

Ndugu wa Njombe na Songwe, tukitaja Iringa na Mbeya leo msinune. Sisi tulitoka nyumbani kabla mikoa yenu haijazaliwa, Njombe mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016, na midomoni mwetu bado ninyi ni watoto wa tumbo moja na sisi.

Katibu ametuomba tueleze kazi yetu, kisha tuseme neno juu ya mabweni. Tumesimama wawili, mmoja wa Rungwe na mwingine wa Mufindi, kwa sababu kazi hii tumeifanya wawili kwa zaidi ya miaka thelathini na kila mmoja anakumbuka nusu yake. Wengi wenu mnatujua kama wale wa fulana pale Kariakoo. Si vibaya. Lakini fulana ni kitambaa tu. Tunachouza hasa ni kile kilichochapwa juu yake: jina la mwanamuziki, nembo ya timu, sura ya katuni inayopendwa na watoto. Fulana nyeupe na fulana ile ile yenye jina la mtu anayependwa zimeshonwa na cherehani moja, ila hii ya pili inauzwa hata mara mbili ya mwenzake. Ile tofauti ya bei ni ya nani? Ya aliyechapa, ya aliyeuza, au ya mwenye jina? Hapo ndipo penye kazi yetu yote.

Wenye umri wetu mnaukumbuka mfuko wa Rambo. Rambo ni mpiganaji wa sinema za Marekani, ya kwanza ilitoka mwaka 1982. Sura yake ikachapwa kwenye mifuko ya plastiki, na jina likabaki hata sura ilipoondoka. Mfuko wowote laini ukaitwa Rambo, wa nyanya za Ilula, wa ndizi za Tukuyu, wa madaftari ya shule, mpaka Serikali ilipoipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Sijui kama kuna sinema nyingine iliyoingia jikoni mwa kila Mtanzania namna ile. Na hatudhani kama mwenye sinema alipata hata thumni kutoka Mwanjelwa. Siku zile jina lilikuwa kama maji ya mtoni, kila mtu na ndoo yake.

Tulianza na kanda. Vijana mliozaliwa na simu mkononi, tuwaelezee kidogo. Mwanamuziki alirekodi studio, akatoka na kanda moja ya asili, akaipeleka kwa msambazaji Kariakoo. Wasambazaji wenyewe walikuwa wa kuhesabika. Msambazaji alisikiliza, akataja bei, na mara nyingi biashara iliishia hapo hapo. Alilipa mara moja, akazalisha kanda, akazituma kwa basi Mbeya, Iringa, Mwanza, mpaka mipakani Tunduma na Kasumulu. Zikiuzwa elfu mbili au elfu hamsini, mwanamuziki alikuwa ameshakula chake na pengine kimeshaisha.

Sasa, jambo moja tuliligundua mapema kwa kuwa sisi tulikuwa upande wa uchapaji. Kanda tupu hazihesabiki. Mtu anaweza kuzalisha usiku, akauza asubuhi, hakuna ajuaye. Lakini kanda isiyo na kava haiuziki. Mteja anataka aone sura ya msanii na orodha ya nyimbo. Kwa hiyo aliyeshika kava ndiye aliyeshika hesabu. Wasanii wachache wajanja walilielewa hilo, wakasema: kanda zalisha wewe, ila kava nachapisha mimi, nakukabidhi kwa idadi, na kila kava unailipia. Hapo msambazaji hana pa kuchomokea. Tafadhali lishikeni jambo hilo la kava, tutalirudia tukifika kwenye mabweni.

Muziki huo wa vijana ulipoanza kushika kasi, nyumbani hatukuwa nyuma. Mr II, Joseph Mbilinyi, huyu Sugu, alikulia Mbeya, akawa miongoni mwa waliofungua njia ya rapu ya Kiswahili miaka ya tisini, na baadaye akawa Mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Baada yake wamekuja wengi. Rayvanny, mtoto wa Mbeya, alipata tuzo ya BET kule Marekani mwaka 2017. Mwaka huo huo Diamond Platnumz aliweka jina lake kwenye manukato na kwenye karanga, naam, karanga za kutafuna, na watu wakacheka. Sisi hatukucheka. Tulisema huyu ameelewa kwamba wimbo unaimba jina, na jina linauza karanga.

Lakini wapo wasioelewa, na mmoja tunamtaja bila jina. Kijana wa kwetu, ana sauti nzuri, alikuja mjini akatiwa saini kwenye karatasi ya ukurasa mmoja. Karatasi ilisema anauza haki zote, kwa matumizi yote, kwa muda wote. Alilipwa fedha ya kununua kiwanja kidogo pembeni ya mji, na kwa kweli alinunua, hakunywa. Miaka miwili baadaye sura yake ikatokea kwenye kofia, kwenye mabango ya ukutani na kwenye madaftari. Mama yake kijijini alimnunulia mjukuu daftari lenye sura ya mwanawe mwenyewe, kwa bei ile ile ya dukani. Yule kijana alikuja kwetu na karatasi yake akiuliza adai wapi. Tuliisoma mara tatu. Hapakuwa na pa kudai. Aliyemlipa hakuvunja sheria hata moja, kila kitu kilikuwa kimeandikwa na kimesainiwa. Kinachouma ni kwamba neno moja lingeongezwa kwenye ile karatasi, kwamba anauza sauti kwenye kanda tu, madaftari yote yale yangekuwa yake.

Neno hilo moja limewahi kumtajirisha mtu. George Lucas alipokuwa anatengeneza Star Wars, filamu iliyotoka mwaka 1977, hakuing'ang'ania kampuni ya sinema imwongezee mshahara. Aliomba abaki na haki za bidhaa, yaani midoli, fulana, vikombe, na haki za filamu zitakazofuata. Wakampa, maana wakati ule hakuna aliyeziona kuwa na thamani kubwa. Filamu ikalipuka. Krismasi ya mwaka huo ilipofika, kiwanda cha midoli cha Kenner kilikuwa hakijamaliza kutengeneza midoli. Wakauza bahasha ya karatasi ngumu yenye cheti ndani, kwamba mwenye cheti hiki atatumiwa midoli mwakani. Wazazi wakanunua karatasi! Midoli ikaja mwaka 1978. Sisi wauzaji wa Kariakoo tunajiona wajanja, lakini kumuuzia mtu zawadi ya Krismasi ambayo bado haipo, hapo tunawavulia kofia.

Mnaonunua mitumba Mwanjelwa na Mashine Tatu, hebu siku moja soma maandishi kifuani kabla hujafua. Huko Marekani, kabla ya fainali ya mpira wao wa NFL, fulana za ubingwa huchapwa za timu zote mbili, ili mshindi akipatikana ziuzwe dakika ile ile. Zile za aliyeshindwa haziruhusiwi kuuzwa. Kwa miaka mingi zilipelekwa nchi maskini kama msaada kupitia shirika la World Vision. Kwa hiyo yupo mtu mahali fulani Afrika amevaa ubingwa ambao haukuwahi kutokea. Mwenye jina anajua kila fulana yake imekwenda wapi, hata ile ya uongo.

Basi kazi yenyewe iko hivi. Mwenye jina hana kiwanda. Mwenye kiwanda hana jina. Anayewaunganisha anaandika leseni. Leseni inasema ni bidhaa gani, kwa eneo gani, kwa muda gani, na kwa kila moja inayouzwa mwenye jina anapata mrabaha. Mrabaha huo kwa kawaida hukokotolewa kwenye bei ya jumla, si bei ya dukani, kwa sababu ya dukani kila mtu anajipangia. Tuseme fulana inatoka kwa mtengenezaji kwa shilingi 10,000 na mrabaha ni asilimia 10. Kila fulana ni shilingi 1,000 kwa mwenye jina. Zikiuzwa 3,000, ni milioni tatu. Halafu mwenye jina mwenye akili anadai kiwango cha chini. Uuze usiuze, milioni mbili utanipa, na nusu yake siku ya kutia saini. Hiyo inamfanya mtengenezaji atoke akauze, asiichukue leseni akailalia ili mshindani asiipate.

Na wizi wake upo. Mtengenezaji anasema fulana 400 zilikuwa sampuli. Nyingine 300 zilikosewa rangi zikatupwa. Nyingine aliuza kwa duka la shemeji yake kwa nusu bei, na mrabaha ukakokotolewa kwenye nusu hiyo. Vitabu vinapendeza kuliko mali. Njia kubwa ya kukagua ni kwenda na mhasibu, na mhasibu naye ana bei yake, kwa hiyo mwenye jina mdogo hakagui kamwe. Serikali yenyewe iliuona ugumu huo. Mwaka 2013 ilileta stempu za kodi za kubandikwa kwenye kazi za muziki na filamu. Badala ya kumfukuza muuzaji na vitabu vyake, hesabu ikabandikwa kwenye bidhaa. Ni akili ile ile ya kava.

Sasa turudi nyumbani, maana mtasema tumewapeleka Marekani mno.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars walichukua ubingwa wa Tanzania. Timu ya mji mdogo wenye mvua na migomba iliwapita wakubwa wa Dar es Salaam. Wazee wa Rungwe mkikaa bado mnaipanga timu ile kwa majina, kuanzia golini. Lakini nionyesheni fulana yake. Nionyesheni skafu, kalenda, hata kikombe cha chai. Kuna miji Ulaya ingeishi juu ya ubingwa mmoja wa namna hiyo miaka mia. Msimu wa 2013/14 Mbeya City walipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza wakamaliza wa tatu, nyuma ya Azam na Yanga tu, na Azam wenyewe walikuja kuupatia ubingwa wao pale pale Sokoine. Mliokuwepo mnaijua zambarau ile. Mji mzima ulivaa rangi moja. Fulana tulizoziona zikiuzwa nje ya uwanja zilikuwa za vitambaa kumi na mbili tofauti na zambarau za aina saba, nyingine karibu ya samawati, na zote ziliisha.

Iringa nao walipata zamu. Lipuli, Wanapaluhengo, walirudi Ligi Kuu mwaka 2017, na mwaka 2019 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Ilulu, Lindi, wakafungwa na Azam bao 1-0. Na Ihefu je? Mwezi Novemba 2022 timu ya Mbarali iliifunga Yanga mabao 2-1 na kukata mwendo wa michezo 49 bila kupoteza. Siku ile nchi nzima ilitamka jina la bonde letu. Waliokuwa hawajui Ihefu ni ardhioevu ya wapi waliuliza. Mwaka 2024 timu ikawa Singida na jina likawa Singida Black Stars. Wenye timu walikuwa na haki yao, hatulaumu. Tunachosema ni kwamba jina linaweza kupakiwa kwenye gari likahama, na nyumbani tukabaki na bonde.

Linganisheni na hili. Mwaka 2021 Simba walitia saini na Vunja Bei mkataba wa kutengeneza na kuuza jezi wenye thamani ya shilingi bilioni 2 kwa miaka miwili. Mwaka 2025 wakatia saini na kampuni ya Jayrutty mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya takriban bilioni 38. Jezi ni nyekundu ile ile, mnyama ni yule yule. Kutoka bilioni moja kwa mwaka hadi zaidi ya bilioni saba, kwa miaka minne. Haikuwa kwamba Simba walipata mashabiki mara saba. Watu walijua sasa kwamba jina lina bei na lina wanaoligombea.

Na sheria inasemaje? Michoro, nyimbo na maandishi vinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA. Hiyo haki inazaliwa pamoja na kazi yenyewe. Aliyechora ndiye mwenye mchoro, hata kama ulimnunulia kalamu, mpaka akuhamishie kwa maandishi. Jina na nembo ya biashara ni jambo lingine. Hizo husajiliwa BRELA chini ya sheria ya mwaka 1986. Ombi hutangazwa, watu hupewa siku 60 za kupinga, na ukisajiliwa unalindwa miaka saba, kisha unahuisha kwa miaka kumi kumi. Usajili unakwenda kwa madaraja ya bidhaa. Nguo ni daraja la 25, karatasi na madaftari daraja la 16, chai na kahawa daraja la 30. Ukisajili nguo ukasahau chai, usilie ukiona nembo yako kwenye pakiti ya majani.

Hapa watu huuliza juu ya 'Hakuna Matata'. Disney walitoa filamu ya Lion King mwaka 1994, wakaomba alama hiyo Marekani, na mwaka 2003 ikasajiliwa kwa ajili ya fulana. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini kupinga, wakisema Kiswahili kimeibwa. Ukweli una pande mbili. Hakuna anayekuzuia kusema hakuna matata, wala kuimba, wala kuchapa fulana yenye maneno hayo hapa nyumbani. Lakini Mswahili anayetaka kuuza fulana hiyo Marekani anakutana na mwenye hati, na mwenye hati si Mswahili. Wenzetu wa Kenya waliwahi kwa kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno hilo kwa tahajia ya 'Kikoy'. Wakenya na marafiki zao wakasimama, wakapinga, na ombi halikufika mwisho. Waliwahi, hiyo ndiyo tofauti.

Sasa mabweni. Mnajua hali. Bweni la wasichana upande wa Rungwe na lile la Mufindi yote mawili yamesimama kwenye lenta tangu mwaka juzi. Mvua ya kwetu si mvua ya kuchezewa, na ukuta usio na paa unakula fedha iliyokwisha kutumika. Wasichana wanaendelea kupanga vyumba mitaani, na kila mzazi hapa anajua maana ya msichana wa kidato cha pili kupanga chumba. Kila mwaka tunaahidi. Mweka Hazina ana daftari la ahadi, na tukilisoma kwa sauti leo nusu ya ukumbi itakumbuka ina safari ya haraka. Hatusemi mwache kuahidi. Tunasema ahadi ni fedha inayosubiri moyo, na mabati hayasubiri.

Kamati ilituomba ushauri, nasi tumeutoa. Chama kina nembo mpya: Mlima Rungwe juu, nguzo za mawe za Isimila chini. Imechorwa na kijana wetu aliyepo hapa, na amelipwa. Mzee mmoja alituuliza kwa nini alipwe wakati ni mtoto wa nyumbani. Tulimjibu kwa heshima kwamba mtoto wa nyumbani asipolipwa na kusainishwa leo, kesho mchoro ni wake na Chama kitakuwa kimechapa mali ya mtu. Ametia saini kuuhamishia Chama mchoro wote, na jina lake litabaki limeandikwa kila unapotumika. Ombi la BRELA limepelekwa kwa madaraja yale matatu, la nguo, la karatasi, na la chai na kahawa. La chai liliwafanya baadhi ya wajumbe wacheke. Rungwe na Mufindi, jamani! Tukiacha chai tumebaki na nini?

Lililotuletea mjadala mkali ni hawa mafundi. Mnajua mwaka jana, kabla mkutano huu haujaanza, fulana za Chama zilishakuwa Mwanjelwa, zimechapwa kwa skrini, na kusema kweli nyingine zilikuwa nzuri kuliko zetu. Wako wajumbe waliotaka tukishapata hati twende na polisi. Sisi tulipinga, na tunapinga bado. Yule kijana mwenye fremu na kopo la wino kwenye kibanda ni wa kwetu. Watu wananunua kwake kwa sababu yuko karibu na bei yake inaeleweka. Ukimfunga, hujauza fulana hata moja zaidi. Bweni halijaezekwa, na umeongeza familia moja inayohitaji mchango.

Upande wa pili wana hoja yao, hatuidharau. Wanasema ukimlea anayechukua bila kuomba, anayeomba atajiona mjinga. Na mmoja wao alituambia maneno ambayo tuliyabeba hadi nyumbani: kwamba tukiacha kila mtu achape, nembo itachafuka, itakuwa kwenye kitambaa kinachochuja, na mwisho hakuna atakayeitaka. Kweli hiyo tumeiona kwa macho kwenye kazi yetu. Jina linakufa kwa bidhaa mbaya haraka kuliko kwa wizi.

Tulichokubaliana ni lebo. Ni kipande cha kitambaa kilichofumwa, chenye nembo na namba, kinachoshonwa shingoni mwa fulana au ukingoni mwa kofia. Lebo zinatoka sehemu moja tu, kwa Mweka Hazina. Kila lebo ni shilingi 1,000, inalipwa kabla ya kuchukuliwa. Fundi yeyote wa Mbeya, Iringa, Makambako au Dar es Salaam anayetaka kuchapa nembo yetu analeta fulana moja ya mfano. Tunaifua mara tatu, ikistahimili anatia saini mkataba wa kurasa mbili kwa Kiswahili, ananunua lebo anazoziweza, hata ishirini, anakwenda kuchapa. Hatutamkagua vitabu. Hatutamuuliza ameuza kwa bei gani wala kwa nani. Mrabaha umeshalipwa siku aliyobeba lebo. Ni ile kava ya kanda, ndugu zetu. Imebadilika kitambaa tu.

Na ninyi wanunuzi mna kazi moja, kugeuza shingo ya fulana mkaangalia. Isiyo na lebo, usigombane na muuzaji. Mwambie tu zile zenye lebo ndizo unazotaka, kisha nenda kibanda cha pili. Neno hilo likisemwa mara kumi kwa siku litamfikisha kwa Mweka Hazina kabla polisi hawajavaa viatu.

Hesabu ya paa tumeifanya na fundi. Bweni moja linahitaji mabati 180. Kwa shilingi 35,000 bati moja, ni shilingi 6,300,000, yaani lebo 6,300. Misumari na mbao za kenchi hazimo humo. Hizo zinabaki kwenye daftari la ahadi, kwa hiyo msifikiri mmenusurika. Wanachama wa Chama hiki, tukijumlisha na walioko Dodoma, Arusha na nje ya nchi, kila mmoja akivaa fulana moja na kumvika mtoto mmoja, bweni la kwanza limeezekwa. Wamependekeza lianze la Mufindi kwa sababu kuta zake zimekaa muda mrefu zaidi. Mmoja wetu hapa ni wa Rungwe, amemeza mate akakubali.

Mapato yatawekwa kwenye akaunti yake pekee, na kila baada ya miezi mitatu idadi ya lebo zilizotoka itabandikwa pamoja na fedha iliyoingia. Namba ya lebo ya mwisho ukitoa ya kwanza, ongeza moja, kisha mara elfu moja. Mtoto wa darasa la nne anaweza kutukagua.

Lebo 1,000 za mwanzo ziko pale mezani karibu na mlango, na mikataba iko chini yake. Mafundi wanne wameshaleta fulana za mfano. Tatu zimepita kwenye maji, ya nne ilichuja, na mwenyewe ameshaondoka kutafuta wino mwingine. Zilizopita zinauzwa leo kwa 15,000. Saizi za watoto zimebaki chache, na za watu wazima wa kiasi chetu sisi wawili, kwa kuwa wengi mmependeza kupita kiasi, tumeagiza nyingine zije wiki ijayo.